Samadi na mfuko wa dukani

Sisi wa Pwani tukisikia Port Victoria, kule Busia unapoingia mto Nzoia ziwani, twafikiria samaki. Lakini wenyeji hulima mahindi ya kienyeji pia, na kilio chao nakijua kutoka Kilifi na Kwale: ardhi imechoka.

Mfuko wa kilo 50 wa DAP una kilo 9 za naitrojeni na kama 10 za fosforasi. Mmea huinuka upesi. Ila ukiutia peke yake miaka nenda miaka rudi, udongo wazidi uchachu, na udongo mchachu huing'ang'ania fosforasi, mzizi usiipate. Samadi haina nguvu hizo, lakini hushika maji, hupunguza uchachu na kulisha polepole. Basi changanya: kila shimo makonzi mawili ya samadi na kizibo cha soda cha mbolea, ufunike kwa udongo kidogo kabla ya mbegu.

Mwaka 2023 serikali ilishusha mfuko wa ruzuku hadi shilingi 2,500. Vyema, ingawa zizi la jirani halina foleni. Asiye na ng'ombe akate alizeti mwitu, yale maua ya manjano ya kando ya barabara, afukie majani mabichi. Yana naitrojeni nyingi. Samadi iwe imeoza, mbichi huunguza mche.