Kwa nini waridi hunyauka kati ya Naivasha na Nakuru

NI takriban kilomita 70 tu kutoka Naivasha hadi Nakuru. Hata hivyo, anayeagiza maua asubuhi ili yamfikie bibi harusi au mfiwa siku iyo hiyo mara nyingi hupokea waridi lililokwisha kuinamisha kichwa.

Penye miti hapana wajenzi, walinena wahenga. Maeneo yanayozunguka Ziwa Naivasha yamekuza maua ya kuuza ng'ambo tangu miaka ya 1970, na Kenya ndiyo inayoongoza kwa kuuza waridi katika Umoja wa Ulaya. Iweje basi waridi lifike Amsterdam likiwa imara na lifike Nakuru likiwa limechoka?

Wengi huulaumu umbali au mwendeshaji wa bodaboda. Sababu hasa ni joto na ukosefu wa maji.

Ua lililokatwa bado lina uhai. Hupumua na kutumia sukari iliyo katika shina na majani yake, na kadiri joto linavyopanda ndivyo akiba hiyo inavyokwisha upesi. Aidha, shina likikaa nje ya maji, hewa huingia katika mirija yake na kuiziba. Hata likirejeshwa majini baadaye, maji hayapandi ipasavyo, na shingo ya ua hulegea.

Mashamba makubwa yanalifahamu jambo hili vyema. Maua yakishakatwa hutiwa katika ndoo za maji, kisha hupelekwa katika vyumba vya baridi ambavyo joto lake ni nyuzi chache tu juu ya sifuri. Baada ya kuchambuliwa na kufungwa, husafirishwa kwa malori yenye majokofu hadi Uwanja wa Ndege wa Jomo Kenyatta, Nairobi.

Katika miaka ya karibuni, baadhi ya maua yamekuwa yakipelekwa Ulaya kwa meli kutoka Mombasa. Safari hiyo huchukua wiki kadhaa, lakini kwa kuwa makasha hayo yana baridi muda wote, waridi hufika likiwa linauzika.

Ua la kwenda Nakuru huwa na safari nyingine. Aghalabu ni miongoni mwa yale yaliyotengwa wakati wa uchambuzi kwa kuwa shina ni fupi au limepinda, au kwa sababu limechanua mno. Likishatengwa, baridi yake huishia hapo. Hufungwa kwa gazeti, hupakiwa nyuma ya matatu, kisha hukamilisha safari juu ya pikipiki katika jua la adhuhuri.

Hata hivyo, si kila kasoro ya ng'ambo ni kasoro ya nyumbani. Mnunuzi wa Ulaya hutaka tumba lililofumba kwa sababu siku kadhaa zitapita kabla halijawekwa chomboni. Kwa harusi ya leo alasiri, tumba la namna hiyo halifai, kwani halitachanua kwa wakati. Ua lililofunguka ndilo linalohitajika, mradi limetunzwa.

Kwa hivyo, muuza maua wa Nakuru, Gilgil au Naivasha asiulize bei pekee. Aulize ua lilikatwa lini na limekaa wapi tangu hapo.

Utunzaji wenyewe hauhitaji mtaji mkubwa. Maua yasafirishwe alfajiri, yakiwa ndani ya ndoo yenye maji safi. Yakifika, mashina yakatwe upya kwa mshazari kwa kisu kikali, na majani yatakayozama yaondolewe kwa kuwa huoza na kuzalisha bakteria. Maji yabadilishwe kila siku, na maua yawekwe kivulini.

Yasiwekwe karibu na ndizi mbivu au maembe. Matunda yanayoiva hutoa gesi ya ethilini, ambayo huharakisha kuzeeka kwa maua mengi.

Bodaboda nayo inafaa kwa hatua ya mwisho, iwapo ncha za mashina zimefungwa kitambaa chenye maji na shada limo ndani ya katoni ya kukinga jua na upepo.

Mteja naye afahamu kwamba ua la kumfikia siku iyo hiyo sharti liwe limekwisha kufika mjini na kunywa maji kabla hajapiga simu. Anayeweza kuagiza siku moja mapema atapata ua bora zaidi.

Suala hili linahusu pia riziki. Mapema mwaka 2008, ghasia zilizofuata uchaguzi ziliwatimua wafanyakazi wengi Naivasha. Aprili 2010, majivu ya volkano ya Iceland yalizuia ndege za Ulaya na maua yakatupwa. Machi 2020, janga la Covid-19 liliporomosha soko, na wafanyakazi wengi wakarudishwa nyumbani.

Soko la humu nchini haliwezi kumeza mavuno yote ya Naivasha, lakini halisubiri ndege. Wateja wapo: harusi, mazishi na mahafali ya vyuo kama Egerton na Kabarak. Ila anayeuziwa waridi lililonyauka leo, kesho hununua shada la plastiki, na kumrudisha ni kazi ngumu.