Laptop yako imeigomea Windows 11? Usiitupe bado

Tangu Oktoba 14, 2025, Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10, ukiondoa waliojisajili kuongezewa muda. Mashine itawaka kama kawaida, ila mianya mipya ya usalama haizibwi tena, na humo humo ndimo unamofungulia barua pepe na akaunti ya benki.

Kuhamia Windows 11 ndiyo njia nyepesi kwa aliyezoea. Tatizo inadai chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0, na laptop nyingi za zamani hazina. MacOS yenyewe rasmi ni ya kompyuta za Apple tu, kwa hiyo isikuumize kichwa.

Inabaki Linux. Wengi wanaiogopa, wakidhani ni ya mafundi wa kuandika amri kwenye skrini nyeusi. Siku hizi sivyo. Linux Mint ni ya bure, menyu iko chini kushoto, na inakuja na Firefox pamoja na LibreOffice ya kuandikia barua. RAM ya GB 4 inatosha. Uzuri wake, unaiweka kwenye flashi na kuijaribu bila kugusa Windows yako: cheki Wi-Fi inashika, sauti inatoka, printa inachapa?

Ila Microsoft Office ya kusakinisha haikubali humo, na baadhi ya magemu ya mtandaoni pia. Kazi yako ni Excel nzito? Baki Windows. Ni YouTube na barua tu? Utaizoea haraka.

Kabla fundi hajaipiga, hamishia picha zote kwenye diski ya nje. Akishafuta diski, ndo basi tena.