Kwa Nini Maji Mapya Hungojewa Kabla ya Kutiwa Samaki

Mwezi wa jana alikuja ofisini kwetu mjini Nairobi mzee mmoja, mkulima wa mpunga wa skimu ya Mwea. Alitoka stendi ya Tea Room kwa miguu, na mkononi alishika karatasi yenye majina ya vitu alivyotaka kununua: pampu ya hewa, mpira wa maji, wavu mdogo. Akasema, "Mwalimu, nimejenga matangi mawili ya samaki nyuma ya nyumba. Jumatano niliyajaza maji. Jumamosi naletewa vifaranga mia tano. Niambie ninunue pampu gani." (Wazee huniita mwalimu kwa kuwa nilisomea kazi hiyo kabla ya kuwa karani, nami siwakatazi.)

Nilimwuliza kama matangi hayo yamewahi kukaa samaki. "La, ni mapya kabisa. Tena nimeyasugua mpaka yanang'aa."

Hapo nikaogopa. Miaka michache iliyopita mimi mwenyewe nilinunua tilapia ishirini, nikawatia katika tangi jipya la plastiki huko Uthiru ninakokaa, na siku ya nane nilikuwa nimebaki na wawili. Maji yalikuwa safi hata ungeweza kusoma gazeti lililowekwa chini ya tangi. Nilimlaumu aliyeniuzia, kumbe kosa lilikuwa langu. Na huyu mzee alikuwa ametoa fedha za magunia manane ya mpunga. Basi sikumjibu habari ya pampu. Saa ya chakula tulipanda matatu namba 46, tukaenda Kawangware kwa fundi mmoja atengenezaye matangi ya vioo.

Katika karakana ya fundi huyo lipo tangi la lita 200, lililoagizwa na mtu wa Lavington anayetaka kufuga samaki wa baharini sebuleni mwake. Taa inawaka, pampu inazunguka, mchanga mweupe umetandazwa chini, na mawe ya chokaa yamepangwa kama kichuguu. Samaki hata mmoja hayumo. Tangi lilikuwa katika wiki ya tano.

Mzee alizunguka pande zote nne akichungulia. "Kijana," akasema, "unafuga maji?"

"Ndiyo, mzee," fundi akajibu. "Sasa nafuga maji. Samaki watakuja baadaye."

Wengi wenu hamtafuga samaki wa baharini, wala sitaki mfuge. Bahari iko mbali, karibu kilomita 480 kutoka Nairobi, na samaki wale huvuliwa mmoja mmoja na wapiga mbizi wa pwani, kama wale wa Shimoni, kisha hufungwa katika mifuko yenye maji na hewa. Aliyewatia katika tangi lisilo tayari amepoteza fedha na kazi ya watu. Lakini tangi lile la Kawangware linafundisha jambo ambalo kila mwenye tangi la samaki hana budi kulijua, liwe la maji ya chumvi au ya mto.

Samaki anapokula, sehemu ya chakula hutoka mwilini mwake kama amonia, nayo hutokea zaidi katika mashavu, pale penye wekundu. Chakula kilichobaki kikioza hutoa amonia vilevile. Hii ndiyo ile harufu ya banda la kuku lisilofagiwa, ichomayo macho. Ndani ya maji huioni wala huinusi ikiwa kidogo, na hicho kidogo kinatosha kuchoma mashavu ya samaki. Mtoni na baharini huchukuliwa na maji mengi. Katika tangi haina pa kwenda.

Nilipotaja amonia mzee alinikatiza. "Hiyo si ile ya SA?" Ndiyo hiyo. Mkulima wa Mwea ameijua tangu utoto wake, maana SA ni mbolea yenye amonia. Anajua pia kwamba ukichanganya SA na chokaa utasikia harufu kali papo hapo, na mbolea yako inapotea hewani. Hilo latufaa hapa. Maji ya bahari yana tabia ya chokaa kuliko maji mengi ya mito, na katika maji ya namna hiyo sehemu kubwa zaidi ya amonia hugeuka kuwa ile yenye sumu kali. Kwa hiyo kosa dogo katika maji ya chumvi huua upesi zaidi.

Anayeondoa sumu hiyo ni nani? Ni vijidudu viitwavyo bakteria, navyo ni vilevile vya jamii iliyomo katika udongo wa mashamba yenu. Vipo vya namna mbili. Vya kwanza hula amonia na kuigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu. Vya pili hula nitriti na kuigeuza kuwa nitrati, ambayo samaki huweza kuivumilia kwa kiasi kikubwa. Nitrati ndiyo chakula cha mahindi yako, na ndiyo mojawapo ya vilivyomo katika mbolea ya CAN.

Zamani watu walidhani badiliko hili hutokea lenyewe. Mwaka 1877 wataalamu wawili wa Ufaransa, Schloesing na Müntz, walipitisha maji machafu polepole katika bomba lililojaa mchanga na chokaa. Kwa siku kama ishirini hapakuonekana kitu. Kisha amonia ikaanza kutoweka na nitrati ikatokea chini. Wakapuliza mvuke wa klorofomu, dawa ya kuua vijidudu, na kazi yote ikasimama. Hivyo wakajua kwamba wafanyakazi wale ni viumbe hai. Mnamo mwaka 1890 Mrusi aliyeitwa Winogradsky aliweza kuwatenga na kuwakuza peke yao. Angalieni zile siku ishirini: lile bomba halikuwa mbali sana na tangi la Kawangware.

Mzee akauliza swali ambalo nami niliwahi kuliuliza: kama vijidudu vipo kila mahali, mbona vinachelewa? Maziwa ukiyaacha jioni, asubuhi yameganda!

Jibu ni kwamba vijidudu vya maziwa huzaana upesi sana. Kimoja huwa viwili kwa muda wa nusu saa au saa moja. Hivi vya amonia huhitaji nusu siku, mara nyingi siku nzima au zaidi, hata kimoja kiwe viwili. Tena havielei majini kwa wingi. Hushika juu ya mawe, mchanga, na sifongo ya chujio, na huko ndiko vinakojenga mji wao. Tangi lililosuguliwa mpaka likang'aa halina mji.

Sasa nieleze alivyofanya fundi. Kwanza alichota maji ya mfereji wa jiji, yaliyotiwa klorini ili yasituletee maradhi. Klorini haichagui, huua vijidudu vibaya na vizuri, na huchoma samaki. Akayaacha katika pipa siku mbili na pampu ya hewa ikiyachemsha mapovu, klorini ikatoka. Kisha akatia chumvi ya bahari iliyotengenezwa maalumu kwa matangi, gramu 35 kwa kila lita, yaani kilo saba kwa tangi zima. Chumvi ya jikoni haifai kwa kazi hii. Ile inayovunwa upande wa Gongoni, karibu na Malindi, hutoka baharini kweli, lakini katika kuvunwa madini mengine mengi huachwa nyuma, nayo samaki wa bahari huyahitaji.

Mawe yake ni ya chokaa, makavu. Hakuyang'oa katika mwamba wa bahari. Katika hifadhi za Malindi na Watamu, zilizowekwa mwaka 1968, kuokota ni marufuku. Mawe haya yana faida yake. Mkulima atiaye SA mwaka hata mwaka huona udongo wake unachachuka, na sababu ni vijidudu hivi hivi, maana wanapogeuza amonia hutoa asidi. Tangini ni vivyo hivyo. Maji yakichachuka sana wafanyakazi hulegea na kuacha kazi, na chokaa huyarudisha polepole.

Akaweka hita, kwa kuwa Nairobi usiku wa mwezi wa Julai ni baridi na baridi huwachelewesha. Akaweka pampu ya hewa isiyozimwa mchana wala usiku. Katika mwinuko wa Nairobi, kama mita 1,700 juu ya bahari, maji hushika oksijeni pungufu kwa karibu sehemu moja katika tano kuliko pwani, na bila oksijeni hakuna badiliko. Mzee alilielewa hili kabla sijamaliza. Bwana Shamba alikwisha kumkataza kutia CAN katika majaruba yenye maji, kwa sababu katika tope lisilo na hewa nitrati hugeuka kuwa gesi na kupotea, na amonia hubaki amonia. Kwenye mpunga mnataka ibaki. Kwenye tangi mnataka iondoke. Kwa hiyo stima ikipotea usiku, amka ukatazame samaki wako.

Mwisho alitia chakula cha vijidudu: kipande cha kamba mbichi alichokinunua City Market, kikaoza ndani ya maji. (Mkewe alilalamika harufu wiki nzima. Wengine hutumia amonia ya dawa, matone machache, nami naona ni afadhali kwa amani ya nyumba.) Kila siku ya pili alipima maji kwa dawa ya matone inayobadili rangi. Kwanza amonia ilipanda. Baadaye ikashuka na nitriti ikapanda. Katikati ya safari vioo vikashika utando wa rangi ya kahawia, ambao huwaogopesha wageni wa kazi hii bure, hupungua wenyewe. Kwa kawaida safari yote huchukua wiki nne hata nane.

Usihesabu siku tu. Tia amonia kiasi cha miligramu mbili kwa lita, ngoja saa 24, kisha pima. Ikiwa amonia ni sifuri na nitriti ni sifuri, tangi li tayari. Nusu ya maji hubadilishwa ili kupunguza nitrati, na samaki huanza kutiwa mmoja au wawili. Wafanyakazi waliomo ni kwa kadiri ya chakula walichozoea. Ukitia kumi na watano kwa siku moja, amonia itawashinda. Na maji yakipungua kwa kukauka, ongeza maji yasiyo na chumvi, maana chumvi hairuki na mvuke. Mmeiona ikibaki nyeupe juu ya udongo wa mashamba ya kumwagilia.

Upo ujanja wa kufupisha safari. Kama unavyogandisha maziwa kwa kijiko cha maziwa lala ya jana, waweza kuchukua mchanga au sifongo katika tangi la zamani lenye samaki wazima. Mzee aliposikia hivyo akaomba konzi moja ya mchanga wa lile tangi. Fundi akakataa. "Hawa wamezoea chumvi, mzee. Ukiwapeleka katika maji yako hawatafaa kitu." Badala yake akamkatia nusu ya sifongo ya tangi lake la samaki wa dhahabu, wanaoishi maji baridi, akaitia katika debe dogo lenye maji yale yale isikauke. Alimwonya pia kwamba sifongo huweza kubeba maradhi, kwa hiyo asichukue nyingine kwa mtu ambaye samaki wake wanakufa.

Kuna jambo moja ambalo maji ya chumvi huwashinda ninyi wa maji baridi. Nitriti ikiingia katika damu ya samaki huifanya ya kahawia, isiweze kubeba hewa, naye hufa ingawa maji yana oksijeni. Chumvi huizuia isipenye mashavuni. Mwenye tilapia au kambare akiona nitriti imepanda, chumvi kidogo ya kawaida iliyoyeyushwa kwanza katika ndoo huwaokoa wakati anapobadilisha maji.

Wenye mabwawa ya udongo wasichanganyikiwe. Bwawa kama yale ya mita 300 za mraba ambayo Serikali ilisaidia kuchimba kuanzia mwaka 2009, 200 katika kila eneo la uchaguzi lililochaguliwa, lina matope yenye vijidudu tangu mwanzo, na mimea midogo ya kijani hula amonia. Hapo hutiwa chokaa na samadi, na kungojewa mpaka maji yawe kijani. Zamisha mkono hadi kiwiko; kiganja kikifichika, tia samaki. Tangi la saruji au la plastiki halina matope hayo.

Tukiwa bado Kawangware mzee alimpigia simu mwenye vifaranga. Walibishana kwa muda. Mwishowe yule alikubali kuwaweka wiki tano zaidi, kwa malipo ya chakula chao. Mzee hakufurahi, lakini alilipa. Akarudi Tea Room na pampu, dawa ya kupimia, na debe lake la sifongo alilolipakata mapajani njia nzima.

Juma lililopita alinipigia. Ilikuwa siku ya thelathini na tatu. Amonia sifuri, nitriti sifuri, mara mbili mfululizo. Ametia vifaranga hamsini katika tangi la kwanza, na wote wanaogelea. Akaniuliza kama sasa aweza kuwapa chakula kamili. Nikamwambia awape nusu kwa siku kumi, apime kila asubuhi, na sifongo akiiosha asiioshe kwa maji ya mfereji bali kwa maji ya tangi lenyewe.