Toleo jipya la programu laweza kula arbuni ya kwaya

WENYE studio ndogo za muziki wanaohudumia kwaya za upande wa Gehandu, katika wilaya za Mbulu na Hanang, wana gharama moja ambayo ni nadra kuandikwa kwenye daftari: kazi kusimama baada ya kuweka toleo jipya la programu ya kurekodia.

Chukulia kwaya inayotaka albamu ya nyimbo 10 kwa sh. 100,000 kila wimbo. Jumla ni sh. milioni 1. Ikitanguliza nusu, mwenye studio amepokea arbuni ya sh. 500,000, na sehemu kubwa huishia kwenye pango, umeme na mpiga kinanda. Programu ikigoma wiki mbili kabla ya Krismasi, fedha zimekwisha tumika na mzigo haupo. Hakuna kwaya itakayofurahia nyimbo za Krismasi mwezi Januari.

Kasoro hizi zina chanzo cha kibiashara. Kampuni nyingi za programu hutegemea mauzo ya matoleo mapya. Tarehe ikishatangazwa, kasoro zilizobaki huachwa zirekebishwe baadaye, na mteja ndiye anayezigundua akiwa kazini. Aidha, kompyuta moja ya studio hubeba bidhaa za watengenezaji wengi, kila mmoja na kalenda yake.

Oktoba 2019, kwa mfano, Apple ilitoa mfumo wa kompyuta uitwao Catalina, ambao haukukubali tena programu za biti 32. Kampuni ya Native Instruments ya Ujerumani ilikuwa miongoni mwa zilizowashauri wateja wasubiri kwanza. Aliyewahi kubadili mfumo bila kuuliza alikuta baadhi ya ala na vifaa vyake vya sauti havifunguki.

Ahadi nazo zipimwe. Cakewalk ya Marekani ilianza mwaka 2015 kutoa marekebisho ya programu yake ya Sonar kila mwezi, na mwaka 2016 ikauza haki ya kupata matoleo mapya maisha yote. Novemba 2017 mmiliki wake, Gibson, alitangaza kusimamisha kazi hiyo, na Mei 2018 Gibson yenyewe ikaomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai. Februari mwaka huo BandLab ya Singapore ilikuwa imeinunua mali ya Cakewalk. Kwa upande mwingine, Image-Line ya Ubelgiji, iliyoanzisha FruityLoops mwaka 1997 na kuibadili jina kuwa FL Studio mwaka 2003, imeendelea kuwapa wanunuzi wake matoleo mapya bila malipo. Ahadi ya maisha, basi, ni ya maisha ya kampuni, si ya mteja.

Kwa mwenye mtaji mdogo, kinga haihitaji fedha nyingi. Toleo jipya lisiwekwe arbuni ikiwa mkononi. Lisubiri kazi ikabidhiwe. Toleo la zamani lihifadhiwe pamoja na namba zake za kufungulia. Kila sauti na kila ala itolewe peke yake kama faili la WAV na kuwekwa kwenye diski ya nje, kwani faili hilo hufunguka katika karibu kila programu ya kurekodia.

Ikitokea mashine imegoma Gehandu, diski hiyo hupanda basi hadi studio ya Babati au Arusha, na kazi ikamalizika. Nauli hiyo ni ndogo kuliko arbuni ya kurudisha.