Begi Moja, Safu Nzima Imesimama

Mtu wa Kihurio anayekwenda kupanda ndege huanza kwa basi: Ndungu, Maore, Kisiwani, Same, kisha lami ya Moshi mpaka Uwanja wa Ndege wa Kilimanjaro (KIA). Kwenye basi, gunia la mchele hupokewa chini na kutupwa kwenye buti, mwenye mzigo akaingia mikono mitupu. Hakuna anayeusifu utaratibu huo. Mashirika ya ndege yangeuonea wivu.

Kwani kinachochelewesha ndege ni yule abiria aliyesimama katikati ya njia, akisukuma begi liingie kwenye kabati la juu. Nyuma yake wote wameganda.

Mwaka 2008 Jason Steffen, mwanafizikia wa anga wa Marekani, alilikokotoa jambo hili kwa kompyuta. Baadaye yeye na mwenzake Jon Hotchkiss walilijaribu kwa watu 72 katika mfano wa ndege wenye safu 12. Kuita watu kwa makundi ya safu, utaratibu unaoonekana wa busara, kulichukua karibu dakika 7. Kuingia ovyoovyo kulichukua dakika 4 na sekunde 44! Ukiita safu chache za nyuma pamoja, wote wanabanana mahali pamoja, wawili watatu wanapanga mabegi, waliobaki wanangoja njiani. Wakiingia ovyo, wanatawanyika, na mabegi mengi hupanda kwa wakati mmoja. Njia ya Steffen, wa dirishani kwanza kwa kuruka safu, ilitumia dakika 3 na sekunde 36.

Tena “nyuma kwanza” hutegemea mlango ulipo. Ndege za ATR 72 za shirika la Precision Air zinazotua KIA hupandiwa mlango wa nyuma, kwa kuwa wa mbele ni wa mizigo. Humo wa safu za nyuma wakitangulia, wanawazibia wenzao wote.

Mbona basi njia ya Steffen haitumiki? Inamtenga mama na mwanawe, na aliyelipia daraja la juu hakubali kusubiri. United Airlines, Oktoba 2023, ilichukua nusu yake tu: dirishani, kati, kisha wa njiani, familia zikibaki pamoja. Ilitarajia kuokoa hadi dakika 2.

Sisi abiria tunakimbilia foleni kwa sababu makabati hujaa mapema. Na shirika likitoza begi la chini huku la mkononi likiwa bure, kila mtu atapanda na lake.