Beji za Wapanda Farasi: Jinsi ya Kuitambua Iliyo ya Kweli

Katika jeshi la Uingereza kila rejimenti ya wapanda farasi ilikuwa na beji yake ya kofia, na askari aliisugua mpaka ing'are kabla ya kwenda paredi. Vita vilipokwisha mwaka 1918, na tena mwaka 1945, beji nyingi zilitiwa masandukuni pamoja na barua na picha. Siku hizi huuzwa madukani na minadani kwa fedha si haba, na penye fedha waigaji hawakosi. Wala hasara si ya fedha peke yake. Mtu akitafuta beji ya rejimenti ambayo baba yake aliifia vitani, kisha akauziwa kitu kilichotengenezwa juzi, hutundika uongo ukutani akidhani ni kumbukumbu ya mzazi wake.

Kwanza litazamwe taji, ikiwa beji inalo. Tangu mwaka 1901 hadi 1952, wakati wa wafalme, taji la katika beji lilikuwa na matao yaliyopanda kwa mviringo kama kuba. Alipotawala Malkia Elizabeth wa Pili, taji lilibadilishwa, matao yakawa yamebonyea katikati. Basi beji yenye taji la Malkia haikuvaliwa katika vita vile viwili, hata muuzaji aape namna gani. Lakini mwaka 2022 Mfalme Charles wa Tatu alichagua tena taji la kuba, kwa hiyo taji peke yake halitoshi kuwa ushahidi.

Baadaye beji igeuzwe, maana mgongo husema kweli kuliko uso. Beji ya askari wa kawaida ilipigwa kwa mashine: bamba jembamba la shaba lilibanwa kwa nguvu kati ya mihuri miwili ya chuma. Palipotokeza mbele pamebonyea nyuma, na matundu yamekatwa kwa ukali, kingo zake safi. Mwigaji asiye na mihuri huchukua beji halisi, akafanya kalibu, akasubu shaba ndani yake. Kazi yake huwa nzito, mgongo una vijitundu na chembechembe kama mchanga, na katika matundu huonekana alama za tupa. Tena madini yakipoa hunywea, kwa hiyo nakala huwa ndogo kidogo kuliko mama yake. Mwenye beji ya hakika na apime zote mbili kwa rula.

Kazi ya hatari zaidi ni ile iliyopigwa upya kwa mihuri ya zamani, kwa kuwa hiyo ina kila alama ya mashine. Wala jina la kiwanda si shahidi wa kutegemewa. Jina la J. R. Gaunt, watengenezaji mashuhuri wa Birmingham, limepigwa katika vibanio vya beji nyingi ambazo hazikuona vita vyo vyote.

Yapo pia makosa ya kinyume. Wengine huitupa beji ya kweli kwa sababu ni ya shaba ya manjano tupu, hali wenzake wana madini meupe pia. Mwaka 1916, kwa kubana matumizi ya vita, beji nyingi za madini mawili zilitengenezwa kwa shaba tu. Katika vita vya pili baadhi ya vikosi vilipewa hata beji za plastiki. Unyonge wake ndio uhalali wake.

Uchakavu nao una desturi yake. Kitambaa cha askari hulainisha pale palipoinuka, lakini mashimoni michoro hubaki kali. Fuvu la kichwa la 17th Lancers, linalomkumbuka Jenerali Wolfe aliyekufa Quebec mwaka 1759, likiwa limelika sawasawa juu na chini, yafaa kulishuku. Na mwenye beji ya zamani asiisugue tena, asije akafuta ushahidi wake mwenyewe.

Zinazoigwa sana ni zile adimu. Mwaka 1940 na 1941 ziliundwa rejimenti sita mpya, tangu 22nd Dragoons hadi 27th Lancers, na baada ya 1948 haikubaki hata moja. 24th Lancers ilivunjwa mwaka 1944, wiki chache tu baada ya kupigana Normandy. Beji zilizovaliwa muda mfupi hivyo haziwezi kujaa katika kila duka.

Mtego mwingine ni wa 11th Hussars. Katika vita vya pili askari hao walivaa bereti ya rangi ya kahawia yenye ukanda mwekundu, bila beji yo yote. Rejimenti ilikuwa na beji, ila bereti hiyo iliachwa wazi, na hayo ndiyo yaliyokuwa majivuno yao. Mara kwa mara huonekana mnadani bereti ya namna hiyo yenye beji iliyochomekwa vizuri mbele, na bei yake imepandishwa kwa ajili ya beji hiyo.