Bega Lililoumia Lisiachwe Ligande

Barabara zetu za Kasulu na Kibondo ni za milima, na baiskeli iliyobeba mikungu ya ndizi ikishaanza kuteremka haisikii breki. Anayeanguka hutanguliza mkono, na bega hupokea kishindo. Siku hizi bodaboda nazo zimeongeza majeruhi. Mtulinga huvunjika, kiungo huteguka, au kano huchanika.

Wengi hufika hospitali, bega likarudishwa, mkono ukafungwa shingoni kwa kitambaa, wakaruhusiwa kwenda nyumbani. Shida huanzia hapo. Mgonjwa anaona mkono ukitulia hauumi, basi anaufunga miezi miwili, mitatu. Akija kuufungua, bega limeganda: hawezi kuinua jembe, kujitwisha ndoo, wala kumbeba mtoto mgongoni. Na mkulima wa jembe la mkono akikosa bega, amekosa msimu.

Bega lililoteguka kwa kawaida hufungwa wiki mbili au tatu. Mtulinga uliovunjika huweza kuhitaji zaidi. Mzee hufunguliwa mapema kuliko kijana, maana bega lake huganda upesi. Mwenye kisukari naye aangaliwe sana. Hata mkono ukiwa umefungwa, vidole na kifundo havina likizo: vikunjwe na kunyooshwa mara nyingi kwa siku.

Mhudumu akikuruhusu, anza hivi. Inama, shika meza kwa mkono mzima, ule mgonjwa uache uning'inie, kisha uyumbishe polepole mbele na nyuma, halafu kwa duara ndogo. Dakika chache zatosha, mara tatu kwa siku. Ukizoea, simama ukielekea ukuta, vidole vipande juu kama mjusi. Weka alama ya mkaa vilipofika, na siku nyingine jaribu kuipita. Tena lala chali, shika mpini wa jembe kwa mikono miwili, mkono mzima uusindikize mgonjwa kwenda juu. Kuvutika kidogo si kitu. Maumivu yakikunyima usingizi, punguza.

Tunaomba sana jirani asikuvute mkono wala kukukanda kwa nguvu, kwa sababu mishipa ya fahamu na ya damu hupita kwapani. Vidole vikifa ganzi au vikiwa baridi, njoo siku hiyo hiyo.

Kulima na kubeba mizigo subiri ruhusa, mara nyingi ni baada ya miezi mitatu. Aliyeteguka asipeleke mkono juu na nyuma, kama anayetaka kurusha jiwe, kwa wiki sita hivi. Bega lake huchomokea njia hiyo hiyo, hasa kwa vijana.